Kisanduku cha Nuru na Amana ya Fundi

Katika kazi zote za mkono, hatua ipendwayo na watazamaji ni ile ambayo umbo huzuka mbele ya macho yao, na hatua isahauliwayo ni ile ambayo umbo hilo hupewa uthabiti wa kutumika na kudumu. Na katika kazi za zama zetu, sijui iliyolidhihirisha jambo hili kuliko kazi ya kuchapa vitu kwa rezini. Watu huizunguka mashine, wakatazama jinsi bamba lake linavyopanda pole pole kutoka katika beseni la kimiminika, likining'iniza chini yake gurudumu lenye meno, au mfano wa taya, au pambo lenye nakshi ambazo mkono wa sonara ungechukua muda mrefu kuzichonga. Wakisha kustaajabu huondoka, wakidhani kazi imekwisha. Kumbe kilichotoka katika beseni si kitu kamili bado: ni kiwiliwili legevu, chenye kunata, kilichobeba juu yake kimiminika chenye madhara, na kiwiliwili hicho sharti kioshwe kwa spiriti, kiachwe kikauke, kisha kitiwe katika nuru maalumu mpaka kiive hata ndani. Nimekusudia leo kuizungumza hatua hii ya pili pamoja na chombo chake, yaani kisanduku cha nuru ambacho fundi aweza kujitengenezea nyumbani; na rai yangu ni kwamba fundi wa Kimisagara ana haki ya kukitengeneza kwa mikono yake, na kwamba siku anapokitengeneza huwa amejitwika kwa ridhaa yake dhamana yote ambayo kiwanda kingeibeba badala yake.

Nimeichagua Kimisagara kwa sababu. Mtaa huu wa Wilaya ya Nyarugenge, ulioshikilia mteremko wa Mlima Kigali na kushuka mpaka karibu na stendi kuu ya Nyabugogo, ambako mabasi ya pembe zote za Rwanda na ya nchi jirani hukutana, ni mtaa wa watu wengi na nafasi chache, mtaa wa cherehani na saluni, wa mafundi simu na wachuuzi, ambao pamoja na jirani zake Nyamirambo na Biryogo ulikuwa ukikisikia Kiswahili tangu zamani, kabla ya sheria ya 2017 kukipa hadhi ya lugha rasmi. Desturi ya hapa ni kutotupa kilichoharibika kabla ya kumwuliza fundi, na fundi wa hapa hazoei kusema haiwezekani. Ilipofunguliwa karakana ya FabLab Rwanda huko Kacyiru katika 2016, jirani na kituo cha ubunifu cha kLab kilichotangulia katika 2012, maarifa ya kuchapa vitu yalipata makao ya hadhara katika jiji hili. Na kwa kuwa mashine za rezini zimeshuka bei sana tangu skrini za kioo kama zile za simu zilipochukua mahali pa leza, ni jambo la kutazamiwa kwamba maarifa hayo yatashuka pia kutoka vilima vya maofisi mpaka vichochoro vya mafundi. Mashine yaweza kuingia mtaani kwa mkopo wa vijana watatu au wanne walioungana. Swali ni kama itaingia pamoja na elimu ya kile kinachofuata baada yake.

Rezini ya kazi hii ni mchanganyiko wa chembe ndogo mno za jamii ya akrilati, ambazo hukaa katika hali ya kimiminika kwa kuwa kila moja imejitenga na mwenziwe, pamoja na kiungo kidogo cha kuamsha, kinacholala gizani na kuzinduka kipigwapo na nuru ya upande wa urujuani. Kikizinduka hupasuka, na vipande vyake huzishika chembe zile na kuziunga moja kwa nyingine, mnyororo kwa mnyororo, hata kilichokuwa kimiminika kikawa wavu mmoja mgumu usioweza kuyeyushwa tena. Mashine huifanya kazi hii tabaka baada ya tabaka, ikilipa kila tabaka sekunde chache tu za nuru, kadiri ya kulifanya lisimame. Walakini huacha ndani yake chembe nyingi ambazo hazijashikana. Kama vile chungu kilivyo na umbo lake lote kitokapo mikononi mwa mfinyanzi, ilhali maji yatakibomoa mpaka kiwe kimepita katika moto wa tanuri, ndivyo kilivyo kipande cha rezini kabla hakijapita katika kisanduku cha nuru: macho yatakisifu, kazi itakikana. Gurudumu la cherehani lililochapwa likatumika bila kuiva hulika meno yake kwa muda mfupi. Na kipande chenye uvungu, kilichofungiwa ndani yake kimiminika kisicho na tundu la kutokea, huweza kupasuka chenyewe rafuni siku nyingi baada ya kuuzwa, kikamwagia mnunuzi kile alichodhani hakimo.

Wanaoidharau hatua hii hawaijui nasaba yake. Ibn al-Haytham, mwanachuoni wa Basra aliyefariki Kairo yapata 1040, alifunza kwamba habari za nuru hupatikana kwa jaribio, wala si kwa dhana, na majaribio yake mengine aliyafanya ndani ya chumba cha giza ambamo nuru iliingia kwa kipimo. Katika 1801, mjini Jena, Johann Wilhelm Ritter aliiweka chumvi ya fedha ng'ambo ya rangi ya urujuani, mahali ambapo jicho halioni kitu, akaikuta inapiga weusi upesi kuliko ilivyokuwa chini ya rangi zionekanazo, ndipo ikajulikana kwamba iko nuru isiyoonekana yenye nguvu ya kugeuza vitu. Yapata robo ya karne baadaye, Nicéphore Niépce wa Ufaransa alipaka bamba kwa lami iletwayo kutoka nchi za Mashariki, akaliweka mbele ya dirisha lake. Palipopigwa na nuru pakawa pagumu, na pasipopigwa pakaoshwa kwa mafuta, akapata mojawapo ya picha za kwanza za kamera duniani: yaani kugandisha kwa nuru na kuosha kilichosalia, kazi ile ile ifanywayo leo. Hideo Kodama wa Japani aliandika habari za kujenga vitu kwa tabaka za rezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, na Mmarekani Charles Hull akaomba hataza ya mashine yake katika 1984, akaipata katika 1986. Na Hull huyu, zingatia msomaji, alikuwa mtu wa kampuni iliyotumia taa za urujuanimno kugandisha utando wa plastiki juu ya meza na samani. Taa ya kugandishia ndiyo iliyomfungulia fikra ya mashine ya kuchapa. Kwa hiyo kisanduku ambacho leo hufanywa kuwa mtumishi wa mashine, kwa haki ni mzee wake.

Kigali ina neema ambayo miji mingi yenye viwanda vya rezini haina. Iko karibu nyuzi 2 kusini ya Ikweta, juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ambako hewa ni nyembamba na jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka. Na adhuhuri ya mbingu safi, kipimo cha miale ya urujuanimno hupita 11, daraja ambayo Shirika la Afya Duniani huihesabu kuwa ya kupindukia. Anayeanza aweza kukiweka kipande chake kilichooshwa ndani ya gilasi ya maji safi, akakitia juani na kukigeuza geuza, nacho kitakomaa. Na yale maji yana faida ya ziada, kwa maana oksijeni ya hewani huvizuia vile vipande vya kuamsha visishike kazi juu ya uso wa kitu, ndiyo sababu kilichokomazwa hewani aghalabu hubaki na unato. Lakini jua, pamoja na ukarimu wake wote, halina ratiba ya fundi. Mawingu ya misimu ya mvua, Itumba na Umuhindo, hulifunika alasiri nzima, upande mmoja wa kitu hushiba ilhali wa pili una njaa, na hakuna awezaye kumwambia mteja kwamba kitu chake kimepata nuru sawa na kile alichonunua mwezi uliopita. Jua lafaa kuwa mwalimu wa kwanza. Halifai kuwa mizani ya biashara.

Na kabla ya kumtaja fundi wa mashine, insafu yanilazimu kuwataja mabinti wa saluni, ambao wameitangulia kazi hii kwa miaka mingi bila kupewa heshima yake. Rangi ya jeli wanayoipaka kwenye kucha ni ya jamii hiyo hiyo ya akrilati, na ile taa ndogo ambamo mteja huingiza vidole vyake hutoa nuru ya nanomita 365 na 405, ambayo ya pili ndiyo hasa itumiwayo na mashine nyingi za rezini za bei nafuu. Binti wa saluni anajua kwamba tabaka nene haliivi ndani, kwamba taa iliyochoka huiacha kazi nusu, na kwamba ngozi iliyoguswa mara kwa mara na jeli mbichi huanza kuwasha. Kijana anayetaka kujenga kisanduku na akawapita hawa asiwaulize, amepita mbele ya mlango wa chuo ukiwa wazi.

Sasa nije kwenye kisanduku chenyewe. Kiwiliwili chake chaweza kuwa sanduku la plaiwudi kutoka kwa maseremala wa Agakinjiro ka Gisozi, au ndoo ya bati iliyosafishwa, kwa sharti kwamba nuru isivuje. Ndani hubandikwa karatasi ya alumini, kwa kuwa alumini huirudisha vizuri nuru ya urujuani, na kuta zenye kurudisha nuru huvifikia vichochoro vya kitu ambavyo taa yenyewe haivioni. Taa ni za LED zenye nanomita 405, ama utepe uliozungushwa kuta zote, ama balbu zenye nguvu zilizofungwa juu ya kipande cha alumini cha kupozea. Na hapa mnunuzi awe na hadhari, maana sokoni ziko taa zenye rangi ya zambarau tu, za kupambia sherehe, ambazo hulidanganya jicho lakini haziidanganyi rezini. Chini huwekwa kisahani kinachozunguka, na mota yake ya taratibu hupatikana katika maikrowevu iliyokufa. Lakini nasisitiza kwamba maikrowevu isifunguliwe ila na fundi umeme aliyehitimu, kwa sababu ndani yake mna kapasita iwezayo kushika umeme wa kuua hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Na mota nyingine hutaka umeme wa nyumbani kamili, basi zifunikwe na kufungwa kama ipasavyo umeme huo.

Hesabu ya umeme wa taa si ngumu, ila sharti ifanywe. Utepe unaotumia wati 24 kwa volti 12 huvuta ampea 2. Adapta ya ampea 2 itafanya kazi ikiwa imekabwa koo na kupata moto, kwa hiyo ichaguliwe ya ampea 3. Pangaboi dogo litoe joto, kwani joto la kiasi huzisaidia chembe kufikiana na kuungana, bali joto lililopita kiasi hupinda vipande vyembamba na kufupisha uhai wa taa. Kisha kije kile ambacho sikubali kisanduku chochote kikose: swichi ya mlangoni inayokata taa mara mlango unapofunguliwa, bila kumtegemea mtu kukumbuka. Dirisha la kutazamia, kama fundi analitaka, liwe la plastiki ya rangi ya machungwa au kaharabu inayoizuia nuru hii, wala si kioo cheupe cha kawaida, ambacho huiruhusu nanomita 405 kupita kana kwamba hapana kizuizi. Na zile taa za kuulia vijidudu, zenye nanomita 254, zilizoenea katika miaka ya korona, abadan zisiingie katika kazi hii: huunguza macho na ngozi kwa dakika chache, tena si nuru ambayo rezini hizi ziliundwa kuipokea.

Hata hivyo, kisanduku kilichokamilika kwa mbao na waya bado hakijakamilika kwa elimu. Kinachokitofautisha chombo na kichezeo ni kipimo. Fundi achape vipande vyembamba vilivyo sawa kwa sawa, vya rezini moja. Avioshe sawa, aviache mpaka spiriti iruke yote, maana iliyobaki huacha weupe na nyufa. Kisha avitie kisandukuni kwa muda unaozidi hatua kwa hatua, dakika 2, dakika 4, dakika 6 na kuendelea, akiandika juu ya kila kimoja. Halafu avikunje, avikwaruze, avitazame rangi. Ataona kwamba vya mwanzo ni vyepesi kupinda na ukucha huvitia alama, vya kati hushika ugumu wenye ustahimilivu, na vya mwisho hugeuka manjano na kukatika ghafla, kwa kuwa nuru iliyozidi nayo ni kasoro. Matokeo hayo yaandikwe katika daftari pamoja na jina la rezini, unene wa kipande na umri wa taa, na jaribio lirudiwe kila rezini inapobadilika. Daftari hilo ndilo hasa lifanyalo kisanduku cha Kimisagara kuwa ndugu wa kisanduku cha kiwandani. Bila hilo, tafauti ya bei si akiba, ni hasara iliyoahirishwa.

Nimetaja dhamana, na sasa niieleze, kwa kuwa hapa ndipo moyo wa maneno yangu ulipo. Dhamana ya kwanza ni ya mwili. Akrilati mbichi humfanya mtu apate mzio, na mzio huo ukishaingia aghalabu haumwachi maisha yake yote. Tena huweza kumfuata mpaka kwa daktari wa meno au wa mifupa, kwa sababu dawa za kujazia meno na saruji ya kuungia viungo bandia ni za ukoo huo huo. Kwa hiyo glavu za nitrili si urembo, na zibadilishwe mara zinapochafuka. Dirisha la chumba liwe wazi. Na katika nyumba za Kimisagara, ambamo chumba kimoja mara nyingi ni karakana mchana na malazi usiku, rezini isikae karibu na chungu cha chakula wala mahali ambapo mtoto hufika. Kisichoweza kupatiwa nafasi yake ya peke yake ndani ya nyumba, kifanyiwe kazi katika karakana ya pamoja.

Dhamana ya pili ni ya maji. Mfereji wa Mpazi hupita hapo hapo Kimisagara ukashuka Nyabugogo. Nyabugogo huingia Nyabarongo, Nyabarongo huwa Akagera, na Akagera humwagika Ziwa Viktoria, ambalo Watanzania, Waganda na Wakenya huvua samaki wake. Rezini mbichi ni sumu kwa viumbe vya majini, na spiriti iliyooshea imejaa rezini hiyo. Basi spiriti chafu itiwe katika chupa nyeupe, iwekwe juani mbali na moto. Rezini itaganda na kutuama, spiriti ichujwe na kutumika tena, na lile tope likomazwe likauke kabisa kabla ya kutupwa. Na kwa kuwa rezini iliyoiva haiozi wala haiyeyuki upya, fundi mwaminifu hachapi kipuuzi kwa furaha ya kuchapa. Nchi iliyoiharamisha mifuko ya plastiki tangu 2008, na kuongeza vyombo vya plastiki vya kutumiwa mara moja katika 2019, haipaswi kuruhusu plastiki ya aina nyingine iingie mitaroni kwa mlango wa teknolojia.

Wako watakaosema kwamba, madhali hatari ni nyingi hivi, ni afadhali vijana wakatazwe kujitengenezea vyombo na wangoje vya kiwandani. Naiheshimu hofu yao lakini siikubali hukumu yao. Chombo cha kiwandani nacho hakimwoshei fundi mikono wala hakimwagi taka mahali pema; mwenye kukinunua bila elimu huwa na hatari zile zile pamoja na udanganyifu wa kujiona salama. Aliyejenga kisanduku chake amelazimika kujua kwa nini mlango hukata taa, kwa nini nuru hupungua, kwa nini joto hutolewa. Na kikiharibika Jumamosi jioni, atakitengeneza Jumamosi jioni, wala hataandika barua ng'ambo ya bahari. Elimu ya namna hiyo hainunuliki pamoja na chombo, na mtaa wenye vijana wengi kuliko mitaji hauwezi kumudu kuikosa.

Kwa hiyo nashauri mambo manne. Kituo cha vijana cha Kimisagara kifundishe ujenzi wa kisanduku hiki kabla ya kufundisha mashine yenyewe, na mabinti wa saluni waalikwe wakiwa walimu na wanafunzi kwa pamoja, kwani hatari ya ngozi ni yao kabla ya kuwa ya mtu mwingine. Vyuo vya ufundi, kama kile kilichozoewa kuitwa IPRC Kigali, kilichoko Kicukiro, vifungue milango siku maalumu ili fundi wa mtaani alete kisanduku chake kipimwe nuru na umeme bila malipo makubwa na bila kudharauliwa. Wenye kuingiza rezini nchini walazimishwe kuandika maonyo yake kwa Kinyarwanda na Kiswahili, maana onyo lisilosomeka halikutolewa. Na Jiji, ambalo tayari linajua njia ya taka za elektroniki kwenda kiwanda cha Bugesera, liweke njia kama hiyo kwa rezini na spiriti zilizochakaa.

La mwisho si la serikali wala la chuo. Ni la mnunuzi. Unapoletewa kipande cha rezini cha kutia katika cherehani yako, au mfano wa taya, au pambo la kuvaa, usiulize bei kwanza. Muulize fundi: kimekaa dakika ngapi katika nuru, ni nuru gani, na spiriti yake ya kuoshea imekwenda wapi? Akikufungulia daftari na kukujibu, mlipe bila kumpunja, hata kama kisanduku chake ni ndoo ya bati. Na akikosa jibu, usinunue, hata kama mashine yake inang'aa kuliko zote mjini. Wanunuzi wakishika desturi hiyo, hapatahitajika amri ya kuwalazimisha mafundi kuikamilisha kazi yao, kwa sababu kazi nusu itakosa mtu wa kuinunua.